Mwarobaini wa Bi Maisara

Kazi yangu ni kuua miti. Watu wakiniuliza huwajibu hivyo hivyo, bila kupamba. Wakicheka, nawaambia wacheke tu, lakini siku mwarobaini utakapoupasua ukuta wa nyumba zao watakuja kunitafuta Mbaraki wenyewe, na watangoja zamu kama wengine.

Naitwa Kanze. Kwetu ni Kaloleni, ila huu mwaka wa kumi na saba naishi Likoni na kuvuka Feri kila asubuhi kuja kisiwani. Bosi wangu ni Nicodemus, Mkamba mmoja mpole wa maneno, mwenye stoo ya madawa ya shamba kule Mbaraki. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, kisha mimi nikaijua kumshinda. Akiwa na furaha hulikubali hilo mwenyewe, akiwa na hasira husema nina kichwa kikubwa. Yote mawili ni kweli.

Mji wa Kale umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mawe hayo yanapenda miti kuliko shamba lenyewe. Kunguru anakula tunda la mwarobaini, anatua ukutani, anafanya haja yake, na mvua mbili baadaye mti umesimama juu ya roshani ya mtu. Lusina nayo, ule mti wa maganda unaojiotea kila mahali, ndiyo usiseme. Watu wakiona hivyo hushika panga wakakata, wakaenda zao kulala. Lo! Ukikata mwarobaini bila dawa umeupogoa tu, utachipua mara tano ya ulivyokuwa. Wengine ndio hao wanaobeba bomba mgongoni na kupulizia majani mpaka dawa inachuruzika, wakaua mrehani na asumini za jirani, na mti wenyewe ukawatazama vile vile.

Mimi sifanyi hivyo. Nakata karibu kabisa na ardhi, kwa msumeno wenye meno mazuri ili kisiki kitoke laini. Napangusa unga wa mbao. Kisha kabla dakika tano hazijapita napaka dawa kwa brashi ndogo, kwa sababu ukichelewa mti hujifunga kidonda chake na dawa haiingii. Na sipaki kisiki kizima. Katikati ya mti ni mbao tu, imekufa zamani, ukimwaga dawa pale umepoteza. Uhai wa mti uko kwenye duara jembamba chini ya ganda, basi mimi nalizunguka duara lile tu, kama mtu anayepaka wanja. Dawa nimeitia rangi ya buluu ili nijue kilichopakwa na kisichopakwa. Chupa yangu moja inafanya kazi ambayo wengine wanahitaji pipa. Na mti niliouua mimi hauchipui. Hilo nilikuwa nikilisema kwa sauti mbele ya mafundi wote wa mtaa wa Kibokoni, na hakuna aliyenikosoa.

Sasa nataka nieleze nilivyouua mti ambao nilikuwa nimeahidi kutougusa.

Ilikuwa Januari, jua la kaskazi limekaza. Bi Lamis alikuwa amerithi nyumba ya babuye pale Kibokoni. Ilifungwa miaka na miaka, na sasa alitaka kuifungua ahamie na wanawe. Fundi wa kupiga lipu alikuwa anaanza Jumatatu, mimi nikaitwa Ijumaa. Uani, kando ya ukuta wa pamoja na jirani, kulikuwa na miti tisa ya mwarobaini. Minane ilikuwa myembamba kama mipini ya majembe. Wa tisa ulikuwa mnene kama paja langu, nami si mwembamba. Yote ilikuwa imeipasua saruji ya uani na kuanza kuusukuma ukuta.

Nikainua macho. Ng'ambo ya ukuta, uani kwa jirani, ulisimama mwarobaini mmoja mkubwa, kivuli chake kimefunika nyua mbili.

Mtu wa kazi yangu akiona hivyo hujiuliza swali moja. Hii tisa imeota kwa mbegu, au imetoka kwenye mzizi wa ule mkubwa? Maana mwarobaini hutembea chini kwa chini. Mzizi wake huenda hatua kumi, hatua ishirini, kisha unatoa chipukizi juu, nawe ukaona ni mti mwingine kumbe ni ule ule. Ukiipaka dawa miti ya namna hiyo, dawa haijui mpaka wa nyumba. Inafuata mzizi, inapita chini ya ukuta, inaenda kuua mti wa mwenyewe. Na kulijua jambo hilo si kazi. Unachimba shubiri mbili tu. Ukikuta mzizi umeshuka wima, huo ni wa mbegu, ua kwa raha zako. Ukikuta mzizi umelala kama kamba, unakwenda upande, hapo simama.

Upande wa Bi Lamis kulikuwa na saruji mpaka shinani, tena nene ya zamani. Upande wa jirani kulikuwa na udongo mtupu. Basi nikazunguka kwa mlango wa mbele, nikabisha hodi.

Alinifungulia mama mmoja mfupi, mweupe wa nywele, amejitanda kanga. Huyo ndiye Bi Maisara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Njema, mama."

"Na wa nyumbani?"

"Hawajambo."

"Ingia basi, usisimame juani."

Alinipeleka uani, akanikalisha kwenye mkeka chini ya ule mti, akanimiminia kahawa. Pembeni ya mkeka kulikuwa na kofia aliyokuwa akiishona, sindano bado imechomekwa. Pale shinani ganda la mti lilikuwa limelainika na kung'aa, kimo cha mgongo wa mtu aliyeketi. Nikaona huyu mama hapa ndipo anaposhinda. Nikamweleza mimi ni nani, nafanya nini kwa jirani. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana. Kisha nikasema:

"Basi mama, nataka nichimbe kidogo hapa, baina ya mti wako na ukuta. Shubiri mbili tu. Nikishaona mzizi nafukia."

Kikombe chake kilisimama njiani, hakikufika mdomoni.

"Wapi?"

"Hapa. Karibu na shina."

"La."

"Ni kidogo tu, mama. Hata hutajua kama—"

"Hapo hapachimbwi." Alikiweka kikombe chini. "Chimba barazani. Chimba jikoni kwangu ukitaka. Lakini tini ya mti huu hapachimbwi, si kidogo si kingi. Na mti wenyewe usiuguse. Niahidi, mwanangu."

Sauti yake haikupanda hata kidogo, ila mikono aliificha ndani ya kanga. Nikamwambia, "Nimekuahidi, mama. Mti wako hautaguswa."

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Nikajisemea, ni yale yale mambo yao, kila kisima kina jini, kila kona ina mwenyewe. Mimi wa kusema hivyo! Mimi niliyezaliwa karibu na Kaya, kwetu kuna msitu ambao huvunji hata kijiti bila idhini ya wazee. Ningekuwa wa kwanza kuelewa kwamba mtu mzima akikwambia hapachimbwi, ana sababu yake. Lakini nilikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka hana kwao.

Nikampigia Nicodemus. Akanisikiliza, akasema kwa upole wake, "Kama huna hakika, kata tu. Usipake. Turudi baada ya masika tutazame."

Nikate nisipake! Mimi, Kanze! Ili mwezi wa tatu iwe imechipua kama mchicha, Bi Lamis awaambie watu kwamba Kanze alikuja akapogoa? Nikamjibu ndiyo, nitafanya hivyo. Nikakata simu.

Kisha nikaanza kujishawishi. Nilitazama chini nikaona mbegu nyingi za mwarobaini zimeanguka kando ya ukuta. Nikasema, bila shaka ni maotea haya. Nikatazama jinsi miti ilivyopangana kwa mstari ulionyooka kutoka ukutani, na maotea hayajipangi. Nikaugeuza uso. Mtu akitaka kudanganyika hahitaji msaada.

Nikakata yote tisa. Kila kisiki nilikipa kijiko kimoja cha chai, hakikujaa, na ule mnene nikaupa viwili. Dawa ilikuwa kali, haikuchanganywa na maji. Duara za buluu ziling'aa uani kote, safi, hakuna tone lililoanguka nje. Bi Lamis alipokuja alipiga makofi. Mpaka leo sijafanya kazi nzuri kuliko ile.

*

Bi Maisara alinichukulia kuwa mtu wa kutimiza ahadi. Kila nilipokuwa na kazi Mji wa Kale alinituma salamu nipite kwake ninywe kahawa, nami nikapita. Nilimpenda, nisiseme uongo. Mamangu alikufa nikiwa mdogo, na huyu aliniuliza kama nimekula kabla hajaniuliza jambo lolote. Alinicheka jinsi ninavyoketi, ati mwanamke mzima nimechanua miguu kama fundi seremala. Nami nikamcheka jinsi anavyoitafuta miwani iliyo usoni pake. Alinieleza habari za marehemu mumewe, na za wanawe wawili, Taib aliyekuwa karani bandarini na kuishi Tudor, na binti aliyeolewa Lamu. Alipotaja idadi yao alikuwa akisita kidogo, kama mtu aliyesahau neno, kisha husema, "Wawili." Mimi sikulitilia maanani.

Februari mti ulianza kupukutika.

"Kaskazi hiyo," akasema, akifagia. "Kila mwaka huwa hivi, kisha hurudi."

"Ndiyo, mama. Kaskazi," nikasema.

Na ni kweli mwarobaini hupukutika kiangazi. Lakini jani la kiangazi hugeuka manjano kwanza, ndipo likaanguka. Haya yalikuwa yakikauka yangali mabichi, yameng'ang'ania tawini, na yalianzia matawi ya upande wa ukuta. Nikasimama nikayatazama. Nilijua. Asije mtu akaniambia sikujua.

Aprili mvua ikanyesha. Kisiwa kizima kilikuwa kibichi, hata miti ya Makupa inayokula moshi wa malori ilikuwa imetoa majani mapya. Mti wa Bi Maisara ulisimama mtupu. Nikamkuta anautilia maji kwa ndoo, na ardhi yenyewe imelowa chepechepe kwa mvua ya jana.

"Kanze," akasema, "wewe ndiye fundi wa miti. Hebu nambia. Huyu yuwaumwa na nini?"

Alisema hivyo hasa, kama anayemzungumzia mgonjwa aliyelala ndani.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Tulikuwa wawili tu. Mdomo nikaufungua, na yaliyotoka ni haya: "Pengine chumvi, mama. Maji ya chini huku yana chumvi."

"Kuna dawa?"

"Nitakuletea mbolea."

Nikamletea, haki ya Mungu. Gunia zima la mavi ya mbuzi kutoka Likoni, nimelibeba begani mpaka ndani ya feri, watu wakinikwepa kwa harufu. Nilimwaga mbolea kwenye mti niliouua mwenyewe, na yule mama akanishika mkono, akaniombea dua kwa Mungu anijalie heri.

Nikamwambia Nicodemus. Akasema, "Nilikwambia usipake."

"Najua."

"Basi nyamaza. Mti mmoja tu, Kanze. Mwarobaini umejaa mpaka Jomvu. Ukisema, tutaharibu jina, na huo mti hautafufuka."

Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa sababu yake. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa uso wa Bi Maisara utakavyokuwa akisikia. Nikaacha kupita kwake. Akinituma salamu, nasema nina kazi Nyali.

*

Mwezi wa Juni kusi ikavunja tawi likaanguka juu ya mabati ya jikoni kwake. Halikumpata mtu. Siku ile ile Taib akanipigia simu.

"Njoo uukate huo mti kabla haujamuua mamangu," akasema. "Na kisiki ukichimbe ukitoe chote. Nataka kumjengea bafu pale karibu na chumba chake. Juzi ameteleza akienda choo cha kule nyuma."

Ningeweza kumwambia atafute mtu mwingine. Lakini nilijua mwingine angekuja na shoka na vijana wanne, akafanya fujo. Nikaenda Jumamosi asubuhi, na msumeno wa mota, kamba, sururu na jembe.

Bi Maisara alikuwa ameketi shinani, juu ya udongo wenyewe, bila mkeka. Amejitanda kanga mpya. Taib alikuwa amesimama mbele yake na suruali yake ya kazini, anaonekana ameshabembeleza mpaka amechoka.

"Mama, nakuomba. Ondoka hapo."

"Waukate," akasema Bi Maisara. "Umekufa, naona, mimi si kipofu. Waukate. Lakini kisiki kibaki."

"Kikibaki bafu nitalijenga wapi? Mama, ni mti tu! Nitakupandia mwingine, nitakuletea hata wa kwenye chungu, utakaa nao barazani."

"Hapachimbwi."

"Kwani kuna nini hapo?" Taib akapandisha sauti, kisha akaona aibu, akaishusha. "Tangu mimi mdogo hapachimbwi, hapachezewi. Tukicheza mpira hapa ulikuwa ukitupiga. Kuna nini, mama?"

Niliweka sururu chini. Bi Maisara aliitazama ile sururu, akanitazama mimi, kisha akamtazama mwanawe.

"Nduguyo," akasema.

Taib hakuelewa. Mimi nilielewa kabla yake.

"Kabla yako wewe," Bi Maisara akasema. "Miaka miwili kabla. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Alizaliwa kimya. Mkunga alimpiga matako, akamgeuza juu tini, kimya. Alikuwa na kucha. Nilimuona kucha zake. Nyanyako akasema huyu hakulia, hana jina, hana matanga, watu wasijazwe nyumbani bure. Wakamfunga kitambaa cheupe. Babako akachimba hapa. Mimi nilikuwa kitandani nikisikia jembe. Sikuitwa."

Aliisawazisha kanga magotini.

"Nilipotoka baada ya arobaini nikakuta wameshasawazisha udongo, wameufagia. Sikujua hasa ni wapi. Nikamuuliza babako, akasema hakumbuki, na mimi najua alikumbuka, hakutaka nije nikae nikilia. Basi nikang'oa mche wa mwarobaini uliojiotea kisimani, nikaupanda pale nilipodhani. Ukashika. Kila mwaka nikautazama nasema, huyu sasa angekuwa anatembea. Huyu sasa angekuwa chuoni. Huyu sasa ningekuwa namtafutia mume."

"Alikuwa msichana," Taib akasema.

"Alikuwa msichana. Na hakuna aliyekuja kunipa pole, kuniambia makiwa. Hata mmoja. Mwezi wa pili watu walikuwa wakiniuliza kama nimeshika mimba nyingine."

Taib aliketi chini na suruali yake safi, pale pale kwenye tope. Alimshika mamake mkono.

"Makiwa, mama," akasema.

Bi Maisara alifumba macho. "Tunayo," akaitikia kama waitikiavyo wafiwa, na machozi yakamtoka, mengi, ya mtu aliyekuwa ameyaweka miaka arobaini na mmoja.

Nami nilikuwa nimesimama pale na glavu zangu mikononi kama mwizi. Sikuweza tena. Nikavua glavu, nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi. Si chumvi. Mimi ndiye niliyeuua huu mti."

Nikamweleza. Miti tisa ya upande wa pili, mzizi mmoja chini ya ukuta, dawa ya buluu. Nikamwambia niliambiwa nisipake nikapaka. Nikamwambia ile mbolea nilileta nikijua kuwa ni bure. Sikujitetea hata kwa neno moja, na hilo si wema, ni kwamba sikuwa na la kujitetea.

Taib aliruka juu. "Wewe! Ulikuwa ukija hapa ukinywa kahawa yake! Umeketi hapa hapa! Toka! Chukua vyuma vyako utoke!"

"Mwache," Bi Maisara akasema.

"Mama, huyu—"

"Nimesema mwache, Taib."

Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuona hasira usoni mwake. Ningefurahi kuiona, nilikuwa nimeingoja tangu Februari. Alikuwa anafikiri. Nikaona jambo linamjia taratibu, nikatamani nimzuie, lakini fikira ya mtu utaizuiaje?

"Siku ile ya kwanza," akasema. "Ulitaka kuchimba. Ulitaka kuutazama mzizi. Ndiyo maana ulikuja."

"Mama—"

"Mimi nikakukataza." Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya udongo. "Kanze, nambia kweli. Lau ningekuacha uchimbe, ungejua?"

Ningejua. Mzizi ulikuwa pale, shubiri mbili chini, mnene kama mkono, mtoto mdogo angeuona. Ningerudisha brashi ndani ya mkoba, na mti ungekuwa kijani mpaka leo, na kwa kupachimba pale pengine nisingegusa chochote ila udongo. Yeye alikuwa akimlinda mwanawe. Kwa kumlinda ndivyo mti ulivyokufa, na sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa jambo hilo, anangoja mimi nimfungulie.

Nilikuwa nimemdanganya miezi mitano ili kujiokoa. Nikamtazama machoni, sikupepesa.

"La, mama," nikasema. "Hata ningechimba nisingejua. Mzizi ulipita mbali, chini sana. Mti usingepona."

Alinitazama tena. Sijui kama aliniamini. Ninalitafuta jibu hilo kila siku ndani ya feri, na silipati.

"Alhamdulillahi," akasema.

Akanipa mkono nimwinue. Alikuwa mwepesi. Taib akamshika upande wa pili, wakasogea mpaka mlangoni, akasimama pale apate kuona. Nami nikafunga kamba, nikauwasha msumeno, nikaukata mti juu kidogo ya mahali ganda lilipolainika, ili abaki na pa kuegemea.